Mfalme Charles wa Kwanza na Kodi ya Mbiru

Somo: 1 Wafalme 12:1-20



Kila mwaka tarehe 30 Januari Kanisa la Uingereza humkumbuka mfalme mmoja aliyekatwa kichwa na watu wake mwenyewe. Huyo ni Charles wa Kwanza, aliyeuawa mwaka 1649. Kwetu huku Upare ni wachache wanaomjua. Lakini mwezi huo huo wa Januari, mwaka 1945, maelfu ya Wapare walishuka kutoka milimani wakaja kukaa hapa Same, mbele ya ofisi ya serikali ya kikoloni, kwa sababu ya kodi iliyoitwa mbiru. Mambo haya mawili yametengana kwa karibu miaka mia tatu na bahari nzima, tena mfalme na wakulima hawafanani. Hata hivyo somo lao ni moja, na lilikwisha kuandikwa katika Kitabu cha Kwanza cha Wafalme kabla hawajazaliwa wote.

Tuanze na Biblia. Sulemani amekufa. Mwanawe Rehoboamu amekwenda Shekemu ili Israeli wote wamtawaze. Watu hawakuja na mikuki. Walikuja na ombi: kongwa la baba yako lilikuwa zito, utupunguzie, nasi tutakutumikia. Rehoboamu akaomba siku tatu za kufikiri, na hapo alifanya vema. Akawauliza wazee, nao wakamshauri awe mtumishi wa watu siku ile moja, nao watakuwa watumishi wake siku zote. Kisha akawauliza vijana waliokua pamoja naye, nao wakamshauri aongeze ukali. Akafuata la vijana. Kabila kumi zikaondoka, na mtu aliyetumwa kusimamia kazi ya shokoa akapigwa kwa mawe akafa. Mfalme akapanda gari mbio kurudi Yerusalemu. Ufalme uliojengwa na Daudi kwa miaka mingi ulipasuka kwa jibu moja baya.

Sasa tumtazame Charles. Alizaliwa tarehe 19 Novemba 1600 huko Dunfermline katika Uskoti. Alikuwa mtoto dhaifu, aliyechelewa kutembea na kusema, na kigugumizi hakikumwacha maisha yake yote. Hakutazamiwa kuwa mfalme, kwa maana alikuwako kaka yake Henry, kijana mwenye nguvu aliyependwa na wote. Henry akafa kwa homa mwaka 1612, na yule mdogo mnyonge akawa mrithi. Baba yao, Mfalme James, ambaye kwa amri yake Biblia ya Kiingereza ya mwaka 1611 ilitafsiriwa, alifundisha kwamba mfalme huwekwa na Mungu na atatoa hesabu kwa Mungu peke yake. Charles aliyashika mafundisho hayo kwa moyo wote. Akawa mfalme mwaka 1625 akiwa na miaka 24.

Tusimfanye shetani. Alikuwa mume mwaminifu, mtu wa sala, asiye mlevi, mwenye kupenda picha nzuri na ibada yenye utaratibu. Wafalme wengi wa siku zake hawakufikia nusu ya adabu yake. Lakini alikuwa na kasoro moja iliyokula mema yake yote: hakupenda kuulizwa. Bunge lilipomletea malalamiko, yeye aliona ni utovu wa heshima. Mwaka 1628 alikubali kwa shingo upande hati ya haki iliyosema mtu asitozwe kodi bila idhini ya Bunge, wala asifungwe bila kuelezwa sababu. Mwaka uliofuata akalivunja Bunge, akatawala miaka 11 bila kuliita tena.

Ninyi mnaojua ndiva zetu za milimani mtanielewa. Ndiva hujazwa maji usiku, na asubuhi mlango hufunguliwa ili kila shamba lipate zamu yake. Je, mtu akiufunga mlango ule, akakaa juu ya ukuta akisema maji yametulia, atakuwa na hekima? Maji hayajatulia, yanapanda. Miaka ile 11 ilionekana kuwa ya utulivu. Mfalme alidhani watu wameridhika, kumbe wamenyamazishwa tu.

Fedha zikapungua. Basi mfalme akafufua desturi ya zamani, kodi ya merikebu. Hapo kale, nchi ilipokuwa katika hatari, miji ya pwani ilidaiwa merikebu au fedha za kuzijengea. Charles aliidai mwaka 1634, na mwaka 1635 akaipeleka hadi wilaya za bara ambako watu hawaoni bahari. Tena hakudai kwa hatari ya mwaka mmoja, bali mwaka baada ya mwaka. Angalieni neno hili: haja ilikuwa ya kweli. Maharamia walikuwa wakishambulia pwani na kuchukua watu utumwani, na wanamaji walihitaji merikebu. Fedha zile zilitumika kwa merikebu kweli. Bwana mmoja jina lake John Hampden akakataa kulipa shilingi 20. Alikuwa tajiri, na shilingi 20 hazingemfilisi. Alitaka kujua ni nani aliyekubali kodi ile kwa niaba ya watu. Kesi ikasikilizwa na mahakimu 12, saba wakampa mfalme haki, watano wakakataa. Mfalme akashinda kesi. Lakini nchi nzima ilihesabu wale watano.

Sasa turudi nyumbani. Katika miaka ya vita kuu ya pili, Upare wote ulikuwa wilaya moja, yenye machifu tisa waliotawala chini ya Waingereza. Baraza lao, pamoja na maofisa wa serikali, likaanzisha kodi mpya juu ya ile ya kichwa iliyokuwapo. Kila mtu apimwe mali yake, mashamba yake na mifugo yake, mwenye nyingi atoe nyingi na mwenye chache atoe chache. Wakaipa jina la kale, mbiru, lililokuwa jina la ushuru ambao wazee waliwapelekea wafumwa wao zamani. Katika karatasi, hakuna aliye na akili angeiita kodi ile dhuluma. Ni haki mwenye nyingi atoe zaidi. Na fedha zilikuwa za hazina ya wenyeji wenyewe.

Basi kwa nini watu walikasirika? Kwa sababu hawakuulizwa. Watu walikuja kuzihesabu mbuzi zao na kuzipima shamba zao, kisha wakaambiwa wanadaiwa kiasi gani. Jina la zamani lilichukuliwa, lakini ushuru wa zamani ulikuwa na maana yake: mtu alimpelekea mfumwa wake naye akapata ulinzi na shauri. Jina lilirudi bila maana yake. Ndivyo ilivyokuwa pia kwa kodi ya merikebu, jina la kale kwa jambo jipya.

Wapare wakashuka. Walitoka Usangi na Ugweno, walitoka milima ya kusini, wakaja Same kwa miguu, wakakaa hapa kwa siku nyingi, wakipokezana na kuletewa chakula kutoka nyumbani. Miongoni mwa viongozi wao alikuwa Paulo Mashambo. Hawakuja kuchoma ofisi. Hawakudai kwamba kodi zote ziondoke duniani. Walikuja kusema kwamba hawaitaki kodi ya namna ile, na kwamba wanataka kusikilizwa. Shauri lilipokawia, hata akina mama wa Usangi waliinuka mwaka 1946, kwa kuwa waume wao walikuwa mbali na nyumba na mashamba yakawaelemea. Mwisho wake mbiru ilifutwa, ikarudi kodi ya kiasi kimoja kwa wote. Marehemu Profesa Isaria Kimambo, mwana wa milima hii, aliyaandika mambo haya katika kitabu kilichotolewa mwaka 1971, na ni vema vijana wetu wakisome.

Nilipokuwa nikifundisha historia katika chuo cha ualimu, wanafunzi waliniuliza mara nyingi: Mwalimu, mbona watu walikataa kodi yenye haki, wakarudia kodi isiyomtofautisha maskini na tajiri? Ni swali zuri. Niliwajibu hivi: jambo jema likipitia mlango mbaya, watu hulikataa pamoja na mlango wake. Hilo ndilo neno langu la kwanza kwenu leo.

Na hapa sisi Waanglikana tusimcheke mtu mwingine, maana mfano mkubwa kuliko yote unahusu kitabu chetu wenyewe. Mwaka 1637 Mfalme Charles na Askofu Mkuu William Laud waliwapelekea Waskoti Kitabu cha Sala. Sala zake ni sala nzuri. Lakini mkutano mkuu wa Kanisa lao haukuulizwa, wala Bunge lao. Tarehe 23 Julai kitabu kiliposomwa mara ya kwanza katika kanisa la St Giles huko Edinburgh, watu walipiga kelele na kurusha viti, wanawake wakiwa mbele. Mwaka uliofuata Waskoti waliweka sahihi agano la kukataa. Mfalme akataka kuwalazimisha kwa vita, akashindwa, akafilisika, akalazimika kuliita Bunge mwaka 1640. Mlango wa ndiva ukafunguliwa, lakini wakati huo ukuta ulikuwa umekwisha kupasuka. Kwa hiyo vita vya Uingereza vilianzia kwenye kitabu cha sala! Ndugu zangu, mtu anaweza kushika mkononi kitabu cha amani na kuleta vita, asipowauliza watu anaowapelekea.

Neno la pili: asiyesikiliza mapema hulipa kwa mambo ambayo hakutaka kuyatoa. Bunge lile lilimtaka mtumishi wa mfalme, Bwana Strafford, auawe. Mfalme alikuwa amemwahidi Strafford kwamba hataguswa maisha yake. Umati ulipolizunguka jumba la kifalme, mfalme akaogopa kwa ajili ya mke na watoto, akatia sahihi. Strafford akakatwa kichwa tarehe 12 Mei 1641. Mwezi Januari 1642 mfalme akaingia mwenyewe katika Bunge na askari nyuma yake, akitaka kuwakamata wabunge watano, Hampden akiwa mmojawapo. Walikuwa wamekwisha kutoroka. Akamwuliza Spika, naye akapiga magoti na kueleza kwa unyenyekevu kwamba yeye hutenda kama Bunge linavyomwagiza tu. Mwezi Agosti vita vikaanza. Hampden akafa kwa majeraha mwaka 1643. Mfalme alishindwa vibaya huko Naseby mwezi Juni 1645, na mwaka uliofuata akajisalimisha.

Wahenga wetu walisema, asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Ni kweli, na watoto wafundishwe hivyo. Lakini Rehoboamu na Charles wanatufundisha upande wa pili ambao hatuupendi sisi wenye mamlaka: mkuu asiyesikia la mdogo naye huvunjika, na huvunjika pamoja na nyumba yake.

Neno la tatu ni kwa upande wa watu, maana haki haikai upande mmoja tu. Wale waliomshinda mfalme walifanya nini? Wengi katika Bunge walitaka kupatana naye. Desemba 1648 jeshi likasimama mlangoni likawazuia wabunge hao wasiingie. Waliobaki wakaunda baraza la kumhukumu, na watu 59 wakatia sahihi hati ya kifo chake. Kitabu cha Sala kilikuwa kimekwisha kupigwa marufuku mwaka 1645, na sikukuu ya Krismasi ikafuatia mwaka 1647. Mwaka 1653 Oliver Cromwell akayafukuza hata mabaki ya Bunge lile. Waliopigania haki ya kusikilizwa wakaziba masikio yao walipopata nguvu. Haikupita miaka mingi, na mwaka 1660 watu walimrudisha mwana wa mfalme kwa furaha, na mwaka 1662 Kitabu cha Sala kikatolewa upya. Kwa hiyo tusiseme kwamba wadogo ni wema na wakubwa ni wabaya. Mdogo akipata fimbo bila kubadilika moyo, huwa Rehoboamu wa pili. Linganisheni na wazee wetu wa mbiru: walikaa, walisema, walingoja. Hawakumwua mfumwa yeyote.

Lakini hatuwezi kumwacha Charles gerezani. Kanisa linamkumbuka, nasi tuulize kwa nini. Aliambiwa kwa njia mbalimbali kwamba akikubali kuondoa uaskofu katika Kanisa, huenda atarudishiwa kiti chake. Kwa hilo hakukubali moja kwa moja. Tarehe 29 Januari 1649 waliletwa kumwaga watoto wake wawili, Elizabeth wa miaka 13 na Henry wa miaka 8. Asubuhi yake, siku ya baridi kali, akavaa mashati mawili ili asitetemeke, watu wasije wakadhani anaogopa. Askofu William Juxon akamsomea sala za asubuhi, na somo likawa Mathayo 27, habari za kuteswa kwa Bwana wetu. Mfalme akadhani askofu amelichagua kwa ajili yake. Askofu akamweleza kwamba ndilo somo la siku hiyo katika Kitabu cha Sala. Neno la Mungu lilimfikia kwa utaratibu ule ule wa kawaida ambao sisi huuona mzito siku za Jumapili.

Juu ya jukwaa alisema jambo ambalo kila kiongozi alishike. Alisema kwamba hukumu ya dhuluma aliyoiacha itekelezwe juu ya mtu mwingine ndiyo inayolipizwa sasa kwa hukumu ya dhuluma juu yake. Hakutaja jina, lakini wote walijua ni Strafford. Akawasamehe waliomwua. Huo ni mwisho wa Kikristo. Lakini alisema pia kwamba watu hawana sehemu katika kutawala, na kwamba mfalme na raia ni vitu viwili mbali mbali. Dakika chache kabla ya shoka, somo la Shekemu alikuwa bado hajalijifunza. Ndivyo tulivyo wanadamu: mtu anaweza kuwa tayari kumwona Mungu, na bado awe na jambo moja ambalo hakulisikia kamwe.

Basi, wapendwa, mfalme huyo yuko mbali na machifu waliondolewa nchini mwetu tangu 1963. Lakini Rehoboamu hajaondoka. Tumtafute karibu.

Tumtafute nyumbani. Mama amelima tangawizi tangu mvua za kwanza, amepalilia, amebeba kichwani. Baba ameuza, na mama anasikia bei kwa jirani. Pengine fedha zimetumika vizuri, zimelipa ada ya mtoto. Lakini mama hakuulizwa. Baba wa namna hiyo anatoza kodi ya merikebu katika nyumba yake mwenyewe, na asishangae siku mambo yatakapopasuka.

Tumtafute kanisani. Paa linavuja, na haja ni ya kweli. Wazee wa kanisa wanakaa jioni moja, wanaandika majina, kila nyumba na kiasi chake, na Jumapili orodha inasomwa mbele ya watu. Mjane anasikia jina lake na kiasi asichoweza. Jumapili inayofuata hayupo, nasi tunasema imani yake imepoa. Je, imani imepoa, au amehesabiwa bila kuulizwa? Kanisa letu limepewa Sinodi ambamo askofu, makasisi na walei huketi pamoja, kwa sababu tulijifunza kwa damu kwamba Roho Mtakatifu hasemi kwa kinywa kimoja tu. Roho hiyo hiyo ya Sinodi ishuke hadi kwenye kikao cha michango. Nendeni mkamwulize mjane kabla hamjaandika. Huenda atatoa kuku mmoja, na kuku huyo atakuwa na uzito kuliko mfuko wa saruji ulioandikwa kwa nguvu.

Nasi tunaoongozwa, tusijifiche nyuma ya mbiru. Mtume Paulo katika Warumi 13 anatuagiza kulipa kodi na kumpa kila mtu haki yake. Kuulizwa kuna wajibu wake: ukiulizwa, jibu kwa kweli, na ukikubali, toa. Mtu anayelalamika kwamba hakuitwa kikaoni, na akiitwa haji, huyo hana tofauti na mfalme aliyefunga Bunge.

Bwana wetu Yesu Kristo ni Mfalme wa wafalme, naye peke yake ndiye asiyehitaji shauri la mtu. Lakini tazameni alivyofanya. Kipofu alipomlilia njiani huko Yeriko, alisimama, akamwuliza anataka amfanyie nini. Alijua tayari. Hata hivyo aliuliza. Kama Yeye aliyejua yote alimwuliza mwombaji, sisi tusiojua ni akina nani hata tusiulize?

Wiki hii kila mmoja wetu mwenye mamlaka, yawe ya nyumba, ya darasa, ya kikundi au ya kanisa, amtafute mtu mmoja aliye chini yake, amwulize neno moja, kisha anyamaze asikie jibu lote. Asijibu siku hiyo. Achukue siku tatu, kama Rehoboamu, lakini afuate shauri la wazee.

Tuombe. Ee Mungu, uliye juu ya wafalme wote, utupe masikio kabla hujatupa mamlaka, na uvumilivu kabla hujatupa ushindi. Uwabariki wanaotuongoza katika nchi na katika Kanisa, uwakumbuke wajane na wanyonge wa milima hii, utufanye sote watumishi wa wenzetu, kwa ajili ya Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.